Tundu la Philip

Kwetu ukitaka kujua nani amekufa, huna haja ya kuuliza mtu. Chukua albamu ya Mama, fungua ukurasa wowote, tafuta tundu. Palipo na tundu palikuwa na kichwa, na mwenye kichwa hicho tulishamzika. Walio hai wamekodoa macho kwa mpiga picha, na katikati yao amesimama mtu mwenye shati, mikono na viatu, lakini mahali pa uso unaona karatasi ya albamu. Sijui familia zingine zinafanyaje. Yetu ina huu ugonjwa, na nimechoka kuutafutia jina zuri.

Ugonjwa wenyewe huanza hivi. Mtu akifa, kabla majirani hawajamaliza kuleta viti, lazima mmoja aulize picha ya programu, kile kijitabu cha mazishi, iko wapi. Mazishi bila programu yenye picha kwetu ni aibu, afadhali hata chakula kipungue. Basi albamu inatolewa kabatini, mkasi unaletwa, na marehemu anakatwa kutoka kwenye harusi au ubatizo aliokuwa akisherehekea. Anafungwa ndani ya karatasi, anapelekwa mjini kwa mchapishaji. Mchapishaji hurudisha programu, kichwa hakirudishi, na hakuna anayekumbuka kukidai kwa sababu siku hiyo watu wako na mambo ya hema na sufuria.

Nimeuliza mara nyingi kwa nini tusipeleke picha nzima. Shangazi yangu, ambaye ana mkasi wa cherehani na kwa hiyo ndiye fundi wa hii kazi, hunijibu kwa subira ya mtu anayeongea na mtoto. Anasema ukipeleka picha yenye watu wengi, mchapishaji anaweza kukosea akachapisha aliye hai, na huo utakuwa mkosi mkubwa. Ukimkata mwenyewe, hakuna kosa. Haya, mbishie sasa.

Mimi ni Kwamboka. Ni nesi hapa Doha, nakaa Fereej Bin Mahmoud, na nyumbani Kisii wananichukulia mimi kana kwamba nalala ndani ya kompyuta. Simu ya mtu ikizima huko, naulizwa mimi. Redio ya kanisa ikikoroma, naulizwa mimi. Ukiwaambia kwamba kazi yangu ni kubadilisha vidonda vya watu bandeji, wanacheka, wanasema nina mzaha.

Kwa hiyo sikushangaa albamu ilipoamuliwa iletwe Doha. Kilichonishangaza ni kwamba safari hii aliyeomba alikuwa Mama mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kuniomba kitu zaidi ya kumpigia.

Mama ana presha ya macho. Mimi ni mtu wa hospitali, sijidanganyi: alichokwisha kupoteza hakirudi, na matone anayotiwa yanachelewesha tu. Pembeni kote kumeshakuwa giza. Anaona mbele, mahali padogo, na hapo padogo panazidi kupungua. Siku moja alinipigia, akanisalimia, akauliza joto la huku, kisha akaniambia bila kulia: "Kwamboka, kabla haya macho hayajafunga, nataka nimwone Philip."

Philip ni ndugu yetu, anayenifuata mimi. Alifia kwenye machimbo ya mawe ya kuchonga, ukuta ulimporomokea, na hakuwa hata amefika umri wa kuoa. Alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Katika maisha yake yote alinaswa mara moja tu, Krismasi fulani, mpiga picha wa kutembea alipopita nyumbani. Mama ameketi kwenye kiti cha sebuleni kilichotolewa nje, Philip amesimama nyuma yake, amevaa sweta ya shule ya Fabian, kaka yetu, iliyochakaa kiwiko. Mkono wake uko juu ya bega la Mama. Juu ya kola ya sweta, tundu.

Usiniulize programu za mazishi yake ziko wapi. Imebaki moja, Mama anaiweka ndani ya Biblia, na ilipigwa fotokopi ya fotokopi hadi Philip akawa masizi kuanzia nywele mpaka kola. Ni kwa ajili ya hayo masizi tulimkata.

Sasa tuje kwa Fabian. Fabian ni kifungua mimba, ni mwenyekiti wa grupu la WhatsApp la familia, na ni mtu asiyeweza kuona sufuria ikichemka asiiundie kamati. Mama aliomba kumwona mwanawe. Kufikia jioni, Fabian alikuwa ameshatangaza Mradi wa Kuhifadhi Urithi wa Familia, wenye awamu, kaulimbiu na maombi ya kufungua. Mimi nikateuliwa mratibu wa kimataifa. Sikuulizwa.

Albamu ililetwa na Paul, jirani yetu wa nyumbani anayelinda kwenye majumba fulani kule Umm Salal. Alikuwa likizo, akirudi kumalizia kipande cha mwisho cha mkataba wake. Mama alimwapisha asiiingize kwenye mizigo ya chini, kwa hiyo aliibeba kifuani safari nzima, akalala nayo, akala nayo. Anasema hapa uwanja wa ndege afisa mmoja aliifungua, akaona watu wasio na vichwa ukurasa baada ya ukurasa, akamtazama Paul kwa muda, kisha akaifunga taratibu na kumwambia apite. Mpaka leo Paul anaamini yule mtu alimwombea.

Nikaipeleka kwa Wayne. Wayne ni Mkenya mwenzetu, tunasali kanisa moja, anakaa Lusail, anafanya mambo ya kompyuta kwenye ofisi moja huko huko, na ana mapenzi ya kweli na picha za zamani. Sitamsema vibaya kwa kazi yake. Alivaa glavu. Albamu ya Mama ni ya zile zenye kurasa za kunata, na picha zilikuwa zimeshikana na karatasi hasa, lakini Wayne alizing'oa moja moja kwa kupitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, bila kuchana hata kona. Akazipangusa kwa brashi laini, akazilaza kwenye skana kama anayelaza watoto. Alipofika katikati akaniuliza kwa heshima picha zenyewe nzima ziko wapi. Nikamwambia ndizo hizo. Akatazama albamu, akanitazama mimi, akavua miwani akaifuta.

Alinipa nakala za kila kitu vile kilivyo, matundu na yote, nikaziweka pale tunapoweza kuzifungua sote; albamu yenyewe ikabaki kwake. Kazi ingeishia hapo, ingekuwa kazi nzuri. Lakini grupu lilikuwa limeshasikia kwamba kompyuta inaweza kurekebisha.

Maombi yakaanza kumiminika. Shangazi alitaka gauni lake la ujana lirefushwe lishuke chini ya goti, kwa kuwa sasa ni kiongozi wa akina mama kanisani. Mjomba mmoja alitaka avishwe viatu. Binamu yangu alitaka yule aliyekuwa mume wake aondolewe, na nafasi yake, ikiwezekana, iwekwe maua. Mwingine aliuliza kama nyumba ya nyasi iliyoko nyuma inaweza kupata mabati. Fabian yeye aliandika kwa lugha ya mkutano kwamba sweta iliyotoboka kiwiko inaishushia familia hadhi, na akapendekeza Philip apewe suti. Philip hakuwahi kuwa na suti ila ile tuliyomzikia.

Nikawaandikia kwamba tunahifadhi picha, hatuvishi watu. Nikajibiwa kwa mikono ya kushukuru, msururu wake, na maombi yakaendelea. Wayne naye, maskini, alikuwa amewekwa kwenye grupu na Fabian, na alikuwa mtu asiyejua kukataa wazee.

Uso wa Philip ndio ulikuwa kazi yenyewe. Wayne alinieleza wazi kwamba kompyuta haiwezi kutoa kilichokatwa, inaweza tu kubuni. Ikipewa yale masizi ya programu pamoja na nyuso za ndugu wa damu, itatunga uso unaokaribia. Nikamuuliza utakaribia kiasi gani. Akasema itategemea sampuli. Basi nikaomba kila mtu atume picha zake.

Wengi walituma mojamoja, za giza, kidole kimeziba pembeni. Fabian alituma kama mtu anayegombea kiti. Fabian wa mahafali, Fabian wa harusi, Fabian akikata utepe, Fabian kijana kwenye baiskeli, Fabian kutoka kushoto, Fabian kutoka kulia. Kompyuta ilikula ilicholetewa.

Uso ulipotoka, Wayne aliutuma grupuni moja kwa moja, na ulimwengu ukasimama. Kijana mzuri, ngozi laini, suti ya bluu, anatabasamu. Shangazi alituma sauti akilia, akasema ndilo tabasamu lenyewe, na ikiwa kuna mtu anayelijua ni yeye kwa sababu ndiye aliyelikata. Mjomba alikumbuka kishimo cha shavuni ambacho hakuna aliyewahi kukitaja Philip alipokuwa hai. Fabian aliandika waraka mrefu kwamba amekutana tena na mdogo wake uso kwa uso.

Nami nililia, sitaficha. Nilikuwa nimeketi kwenye kitanda changu, bado na yunifomu, nikaona kijana wa kwetu akinicheka kwenye simu na moyo ukanipasuka. Nililia mpaka nilipofika kwenye masikio. Fabian ana masikio ya kutokeza kama mishikio ya sufuria. Ya Philip yalikuwa madogo, yamelala, tukimtania kwamba ndiyo maana hasikii akitumwa. Nikafuta machozi, nikaangalia tena. Huyu alikuwa Fabian. Fabian aliyepunguziwa miaka na kitambi, lakini Fabian.

Nikafikiria kusema. Kisha nikafikiria Mama, na lile dirisha dogo lililobaki kwenye macho yake, nikajiuliza nitakuwa nimemsaidia nani. Kama angeuona huo uso, akaridhika, akafunga macho na huo, kuna ubaya gani? Mimi ni nesi, nimeshasema uongo mdogo kwa wagonjwa wengi na wakalala vizuri. Nikanyamaza, nikaomba Mungu asiangalie masikio.

Tulimwonyesha siku yangu ya mapumziko, kwa simu ya video. Mama aliwekwa karibu na dirisha penye mwanga, wifi yangu Melissa, mke wa Fabian, akimshikia tableti. Picha ilikuwa kwenye tableti, mimi nilikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kando, nikimwona Mama na picha pia. Fabian alitoa hotuba fupi, yaani kwa vipimo vyake. Kisha Mama akavuta tableti karibu na uso wake.

Yeye haangalii picha kwa mara moja. Anaisogeza kidogo kidogo kupitia kale kasehemu kake kanakoona, unavyotafuta sindano sakafuni kwa tochi. Alianza chini. Alipita kwenye vifungo, akapita kwenye tai, akafika usoni, akatulia. Mama aliusogeza uso kushoto, akausogeza kulia.

"Fabian," alisema, "hii suti ulinunua lini?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa Fabian mwenyewe, na alicheka vibaya. Alimwambia atazame vizuri, huyo ni Philip. Mama akamjibu bila ukali kwamba yeye ndiye aliyemzaa Philip, akairudisha tableti kwa Melissa, akafumba macho yake. Machozi yalimtoka macho yakiwa yamefumbwa hivyo hivyo. Nilitamani kuingia ndani ya simu. Uongo wangu wote wa wodini haukunifaa kitu.

Nikamwomba Melissa afungue zile nakala za kwanza, zilizo vile zilivyo. Akatafuta, akaipata ya Krismasi, akaikuza, akampa. Mama alianza tena chini. Aliikuta sweta na nikaona mdomo wake ukilegea. Alikitafuta kiwiko kilichotoboka akakipata. Akaupata mkono juu ya bega lake, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole aupande mkono kuelekea juu, kwenye tundu. Kidole kilipogusa kioo, picha ikateleza ikaenda zake.

Melissa aliirudisha. Mama akagusa tena, ikakimbia tena. Mara ya tatu alishusha mkono akauweka mapajani.

"Kwamboka, huyu ananikimbia," aliniambia. "Nilidhani huko kuna mashine ya kumtoa. Kama haipo, nirudishieni nilichokuwa nacho. Kwenye karatasi yangu nainua plastiki, naingiza kidole pale. Juu kumenyooka, halafu pale sikioni kumepinda, shangazi yako alikuwa anatetemeka. Nikipofuka kabisa bado nitampata. Hiki kioo ni laini kote, nitamshika wapi?"

Miaka yote hiyo nilidhani anafungua albamu kutazama wale waliobaki. Kumbe alikuwa akiwatafuta walioondolewa, kwa kidole, na macho yalipoanza kumwacha kidole kilikuwa kimeshajifunza njia. Nikamwambia itarudi, Paul anamaliza mkataba mwezi huu, ataileta vile vile alivyoichukua.

Hapo ndipo Fabian alipokohoa. Alikuwa ameumia na alitaka kuinua hali ya hewa, namjua. Akasema tusiwe na wasiwasi, alikuwa ametuandalia jambo la kushtukiza: alishamwagiza Wayne achapishe nyuso zote mpya na kuziba matundu yote ya albamu, ili irudi nyumbani ikiwa kamili, bila dosari. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayekabidhi trofi.

Sikumuaga mtu. Nilivuta mkoba, nikashuka ngazi, nikapanda metro kwenda Lusail, na njia nzima nilimpigia Wayne asipokee. Wale wanaoniona nikiwa mpole wodini wangenishangaa. Nilikuwa nikiongea peke yangu kwa Kigusii, na dada mmoja wa Kifilipino aliyekuwa amekaa karibu alihama kiti.

Wayne alifungua mlango akiwa na gundi mikononi na furaha usoni. Alisema alikuwa karibu kunipigia, amemaliza. Albamu ilikuwa juu ya meza, imenona. Alikuwa amebandika kila uso kutoka nyuma kwa gundi ya kazi, ile ikishashika haiachii, akajaza kingo, akakandamiza kwa vitabu vizito, akapaka rangi kidogo pale palipokutana zamani na sasa. Alijivunia hasa jambo moja, na akaona aniambie: hata nikipitisha kidole, sitasikia mshono.

Nikapitisha. Kweli sikusikia kitu.

Nilifungua kurasa. Babu alikuwa Fabian mwenye kofia. Mjomba wetu wa kwanza kufa alikuwa Fabian mwenye masharubu. Bibi, mama yake Baba, mwanamke aliyekuwa na uso wa kutisha ng'ombe, sasa alikuwa Fabian aliyefungwa kitambaa kichwani, anatabasamu. Kwenye ukurasa wa Krismasi, namshukuru Mungu suti ilikuwa imebaki ndani ya kompyuta, sweta ilikuwepo. Lakini sweta ni ya Fabian, na uso sasa ni wa Fabian, kwa hiyo aliyesimama nyuma ya Mama alikuwa Fabian mzima. Cha Philip kilichobaki ni mkono tu.

Nikamweleza Wayne yote, kidole na macho na kioo kinachoteleza. Ni mtu mwema, aliketi chini. Tukajaribu kubandua kona moja na karatasi ya zamani ikaanza kuja nayo, tukaacha haraka. Alisema gundi haiachii, akasema samahani, akasema alikuwa akifuata maagizo ya mwenyekiti. Nikafungua mkoba wangu nikatoa mkasi wa kazi, ule mdogo wa bandeji wenye ncha iliyopinda.

Wayne aliuona akasimama. Akasema hapana, dada, hiyo ni picha ya asili, picha ya asili haikatwi, ndiyo sheria ya kwanza kabisa.

"Wayne," nilimwambia, "sisi ndivyo tunavyohifadhi."

Tatizo lilikuwa kujua nikate wapi. Tundu la kukisia lisingefaa, kidole cha Mama kingejua. Ni Wayne aliyepata jibu, na hapo lazima nimpe heshima yake. Tulikuwa na ile nakala ya kwanza, aliyoipiga kabla ya mtu yeyote kurekebishwa. Akaichapisha kwa saizi yake halisi, tukaikata kuifuata, tukailaza juu ya picha kama fundi anavyolaza patani juu ya kitambaa. Mstari wa Shangazi ukatokea, kila alipokata na kila aliposita. Kwa hiyo wakiuliza kama mradi ulifaulu, ndiyo, ulifaulu. Tulilihifadhi tundu.

Nikakata. Juu nilinyoosha. Nilipokuja upande wa sikio, pale mstari ulipopinda, nilitakiwa mkono utetemeke, na sikuhitaji kuigiza. Maisha yangu yote nimemlaumu Shangazi na ule mkasi wake, na sasa nilikuwa nikifuata mkono wake hatua kwa hatua, nikajua alivyokuwa akijisikia siku ile. Philip alikuwa amelala mochari na yeye anatafuta kumwondoa bila kumgusa Mama. Karibu na sikio aliogopa mkasi usije ukamfikia Mama. Kwa kweli si Shangazi aliyepindisha mstari, ni huzuni.

Fabian aliponiangukia mkononi, nilipuliza vumbi kwenye tundu, nikafumba macho, nikaingiza kidole. Juu kumenyooka. Sikioni kumepinda. Basi nikaendelea na wengine. Wayne alikuwa akinichapishia ruwaza, mimi nakata. Babu akarudi, Mjomba akarudi, Bibi akarudi. Tulipomaliza, mezani kulikuwa na rundo la vichwa vya Fabian, vikubwa na vidogo, vyote vinatabasamu. Wayne aliuliza tuvifanye nini, kuvitupa kunamwia vigumu. Nikamwambia aviweke kwenye bahasha anipe.

"Siku yake ikifika," nilimwambia, "hatutahitaji mkasi."

Paul aliondoka Doha na albamu kifuani kama alivyokuja nayo. Nilimpigia Mama siku ya pili baada ya albamu kufika. Kati ya ile simu na hii, macho yalikuwa yamekwenda. Alikuwa anajua tu mwanga uko upande gani, na aliniambia hivyo kwa upole ili nisilie, nikalia. Melissa alishika simu. Mama alikuwa ameketi kitandani, albamu mapajani, akifungua kurasa na kupapasa. Kila kidole kilipozama alitaja jina, Mzee, Mama Mkwe, akapita. Uso wake haukuwa wa mtu anayetafuta. Ulikuwa wa mtu anayepita mlango kwa mlango akisalimia.

Akafika Krismasi. Kidole kikapanda bega, kikapanda kola, kikaingia, na ncha yake nikaiona ikitua pale palipokuwa na uso wa Philip. Ikakaa hapo. Mama alifunga mdomo, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Fabian alikuwa amesimama mlangoni. Tangu ile siku ya suti grupu halikuwa limepata tangazo hata moja kutoka kwa mwenyekiti. Niliona miguu yake ikija, nikasikia kitanda kikilia alipoketi. Akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto, kama na yeye anaweza.

Mama alisogea kumpa nafasi. Alimtafuta mkono akaupata, akakinyoosha kidole chake kimoja, akakiongoza mwenyewe juu ya sweta ile, hadi kwenye tundu.

"Taratibu," alimwambia. "Hapo ni sikioni."